Kuhamisha muziki wa CD hadi kwenye tarakilishi: Namna ya kwenda kasi bila kuharibu sauti

WAHENGA walinena kuwa haraka haraka haina baraka, lakini wao hao wakaonya kwamba chelewa chelewa utampata mwana si wako. Ni nadra methali hizi mbili kuvutana waziwazi kama pale mtu anapoketi mbele ya tarakilishi akiwa na rundo la CD za muziki anazotaka kuzihifadhi kabla hazijaharibika.

Akienda kasi, huenda akaijaza mashine yake nyimbo zenye mikatiko na milio ambayo hataigundua hadi miaka mingi baadaye, diski yenyewe ikiwa imeshatupwa. Akienda polepole kupita kiasi, kazi itamshinda kabla hajafika nusu, na diski zilizosalia zitaendelea kuchakaa kabatini.

Suala hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Draivu za kusomea CD, ambazo katika miaka ya 2000 zilikuwa kwenye karibu kila tarakilishi, hazimo tena katika vipakatalishi vingi vinavyouzwa madukani. Wakati huohuo, zipo kazi za taarab, benga, kwaya, kaswida na mahubiri zilizotolewa kwa CD chache tu na ambazo hazijawahi kuwekwa kwenye huduma za kusikiliza muziki kupitia intaneti. Kwa kazi kama hizo, nakala itakayotolewa leo huenda ikawa ndiyo ya mwisho.

Habari njema ni kwamba mhusika halazimiki kuchagua kati ya kasi na usahihi. La muhimu ni kufahamu kosa hutokea wapi, na kuwa na njia ya kuligundua.

Kilichomo ndani ya CD

CD ya muziki ilibuniwa na kampuni za Philips ya Uholanzi na Sony ya Japani. Kanuni zake ziliafikiwa mwaka wa 1980 katika waraka unaojulikana kama Kitabu Chekundu, na mashine za kwanza za kuchezea diski hizo zikaanza kuuzwa nchini Japani Oktoba 1982.

Diski ina upana wa milimita 120 na unene wa milimita 1.2. Sehemu kubwa ya unene huo ni plastiki angavu. Juu ya plastiki hiyo kuna utando mwembamba wa madini, aghalabu alumini, unaorudisha mwanga, kisha rangi ya kinga na maandishi.

Muziki umeandikwa kwa vishimo vidogo mno vilivyopangwa katika mstari mmoja unaojizungusha kama kombe la konokono, kuanzia karibu na tundu la katikati hadi ukingoni. Mizunguko ya mstari huo imeachana kwa mikrometa 1.6 pekee. Iwapo mstari wa diski ya dakika 74 ungenyooshwa, urefu wake ungepita kilomita 5.

Sauti yenyewe imegeuzwa kuwa tarakimu. Kwa kila sekunde moja, kiwango cha sauti hupimwa mara 44,100 katika upande wa kushoto na idadi sawa na hiyo upande wa kulia. Kila kipimo, ambacho mafundi hukiita sampuli, huandikwa kwa biti 16. Hivyo basi, sekunde moja ya muziki huchukua baiti 176,400, na saa moja hukaribia megabaiti 635.

Waliobuni CD walijua fika kuwa vumbi, alama za vidole na mikwaruzo haviepukiki. Kwa sababu hiyo, tarakimu za muziki hazikuandikwa kwa mfuatano wa moja kwa moja. Zilichanganywa na kutawanywa kwenye mstari, kisha zikaongezewa tarakimu za ziada za kusahihishia makosa. Mbinu hiyo inaweza kurejesha kikamilifu takriban biti 4,000 zilizopotea mfululizo, yaani pengo la karibu milimita 2.5 kwenye mstari.

Ndiyo maana diski isiyo na doa machoni pa mtu bado huwa na makosa mengi yanayosahihishwa kimyakimya. Kati ya fremu 7,350 zinazosomwa kila sekunde, kiwango rasmi huruhusu hadi fremu 220 ziwe na kasoro. Maadamu kasoro hizo zinasahihishwa, msikilizaji hapotezi chochote.

Mbona muziki si kama faili nyingine?

Wengi huuliza: ikiwa waraka au picha hunakiliwa kutoka kwenye CD bila hitilafu, kwa nini muziki ulete shida? Waraka ukisomwa vibaya, tarakilishi hulalamika na kukataa kuendelea. Muziki ukisomwa vibaya, mara nyingi mashine hunyamaza na kukabidhi faili kana kwamba mambo ni shwari.

Tofauti imo katika namna diski hizo mbili zilivyopangwa. CD imegawanywa katika sehemu ziitwazo sekta, 75 kwa kila sekunde, na kila sekta ina baiti 2,352. Katika CD ya data, ni baiti 2,048 tu zinazobeba waraka wa mtumiaji. Baiti 304 zilizosalia hueleza anwani kamili ya sekta na kuongeza ngome ya pili ya kugundua na kusahihisha makosa. Katika CD ya muziki, baiti zote 2,352 ni sauti. Hakuna anwani ndani ya sekta, wala ngome ya pili.

Matokeo yake ni mawili. Kwanza, anwani za muziki huhifadhiwa kando, katika mkondo mwingine usio sahihi sana. Draivu ikisita kusoma ili tarakilishi imalize shughuli nyingine, kisha irejee ilipoachia, inaweza kutua mbele kidogo au nyuma kidogo. Kipande kidogo cha sauti hurudiwa au hurukwa, na msikilizaji husikia mlio kama wa kijiti kinachovunjika. Draivu za miaka ya 1990 zilisumbuliwa mno na tatizo hili, ilhali nyingi zilizoundwa baadaye zimelidhibiti.

Pili, makosa yanapozidi uwezo wa ngome ya kwanza, mashine hubahatisha. Hutazama sampuli iliyotangulia na inayofuata, kisha ikaweka thamani iliyo katikati. Pengo likiwa kubwa zaidi, hunyamazisha sauti kwa muda mfupi. Kwa mashine ya sebuleni huo ni uungwana, kwa sababu wimbo hauwezi kusimama msikilizaji akisubiri. Kwa anayetaka nakala ya kudumu, ni dhana inayoandikwa kama ukweli.

Kasi inavyofanya kazi

CD ikichezwa kwa kasi ya kawaida, yaani mara 1, huzunguka takriban mara 500 kwa dakika msomo ukiwa karibu na katikati, na kupungua hadi mara 200 hivi ukifika ukingoni. Draivu inayotangazwa kuwa na kasi ya mara 48 huizungusha diski karibu mara 10,000 kwa dakika.

Mnunuzi anafaa kujua kwamba idadi hiyo iliyoandikwa kwenye draivu hufikiwa ukingoni tu. Draivu nyingi za kasi huzungusha diski kwa mwendo usiobadilika, na kwa kuwa ukingo una mzunguko mrefu kuliko katikati, data hupita haraka zaidi huko nje. Draivu ya mara 48 huanza wimbo wa kwanza kwa kasi ya takriban mara 20.

Kwa hivyo nyimbo za mwisho wa CD ndizo zilizo hatarini zaidi. Husomwa kwa kasi ya juu kabisa, mahali ambapo diski iliyopinda kidogo huyumba zaidi na ambapo vidole hushika mara nyingi. Anayetaka kupima ubora wa nakala yake kwa haraka na aanze kusikiliza wimbo wa mwisho.

Diski inapozunguka kasi, leza huwa na muda mfupi wa kufuata mstari na kurekebisha mlengo wake. Mkwaruzo ambao ungepitwa salama kwa kasi ya mara 8 unaweza kuitupa leza nje ya mstari kwa kasi ya mara 48. Hata hivyo, si kweli kwamba polepole zaidi ni bora daima. Zipo draivu ambazo husoma vizuri kwa kasi ya wastani kuliko kwa kasi ya chini kabisa, kwa sababu ndivyo zilivyoundwa. Njia ya kujua ni kujaribu diski ileile kwa kasi mbili au tatu tofauti.

Tahadhari moja haina mjadala. Diski yenye ufa, hasa unaoanzia kwenye tundu la katikati, haipaswi kusomwa kwa kasi ya juu. Inaweza kupasuka vipandevipande ndani ya draivu.

Njia mbili za kusoma

Programu za kuhamisha muziki hutumia mojawapo ya njia mbili. Ya kwanza ni ya mkupuo: draivu husoma diski mara moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, na chochote itakachotoa huandikwa. Diski ya saa moja huweza kumalizika kwa dakika tatu hadi tano. Hii ndiyo njia inayotumiwa na programu nyingi za kawaida zinazokuja na tarakilishi, isipokuwa mtumiaji awashe chaguo la kusahihisha makosa.

Ya pili ni ya uangalifu. Programu ya Exact Audio Copy, iliyoandikwa na Mjerumani Andre Wiethoff na kutolewa bila malipo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, ndiyo iliyoieneza zaidi. Kila sekta husomwa angalau mara mbili na matokeo kulinganishwa. Yakitofautiana, programu huirudia sekta hiyo kwa mafungu ya mara 16, ikitafuta angalau majibu manane yanayofanana. Katika hali mbaya kabisa, sekta moja inaweza kusomwa mara 82 kabla ya programu kukata tamaa na kutoa onyo.

Watumiaji wa Linux wanayo cdparanoia, ambayo husoma vipande vinavyopishana ili viungo vyake vishikane barabara, pamoja na whipper iliyojengwa juu yake. Wenye tarakilishi za Apple wana XLD. Programu ya dBpoweramp, ambayo hulipiwa, hufanya kazi kwenye Windows na Mac.

Njia ya uangalifu ina gharama yake. Diski safi huchukua muda mara mbili au zaidi ya ule wa mkupuo. Diski iliyokwaruzika huweza kuchukua saa kadhaa, huku leza na mota zikichakaa bure ikiwa data yenyewe haipo tena.

Isitoshe, kurudia pekee si kinga kamili. Draivu ileile ikikutana na mkwaruzo uleule, inaweza kubahatisha vilevile mara zote mbili. Majibu yatafanana, na yote yatakuwa makosa.

Kuthibitisha kwa kulinganisha na wengine

Ufumbuzi uliobadilisha shughuli hii ulitokana na wazo jepesi. Ikiwa watu wawili wasiojuana, kila mmoja akiwa na diski yake na draivu yake, watapata tarakimu zilezile kwa wimbo uleule, basi haielekei kabisa kwamba wote wawili wamekosea kwa namna moja. Mikwaruzo ya diski mbili hailingani.

Hiyo ndiyo kazi ya AccurateRip, hifadhidata iliyoanzishwa na waundaji wa dBpoweramp. Baada ya wimbo kusomwa, programu hukokotoa nambari fupi ya uhakiki kutokana na tarakimu zake zote. Nambari hiyo hulinganishwa kupitia intaneti na zile zilizotumwa na watumiaji wengine duniani. Ikilingana, wimbo umethibitishwa. Sampuli moja tu ikiwa tofauti miongoni mwa mamilioni, nambari hubadilika.

Hapa ndipo kasi na usahihi vinapopatana. Diski iliyosomwa kwa mkupuo katika dakika nne na ikathibitishwa na watu kumi ni sahihi sawa na iliyosomwa kwa saa nzima. Upole si sifa yenyewe. Ni chombo cha kutumia pale uthibitisho unapokosekana.

Hifadhidata nyingine, ya CUETools, huenda hatua moja mbele. Mbali na kulinganisha, huhifadhi taarifa za ziada ambazo zinaweza kurekebisha kasoro ndogo katika faili zilizokwisha kunakiliwa, mradi toleo hilohilo la diski limewahi kusajiliwa.

Diski zisizojulikana na ulimwengu

Ugumu unaanzia hapa kwa wasomaji wengi wa Afrika Mashariki. Albamu iliyouzwa kwa mamilioni Ulaya na Marekani itapatikana katika hifadhidata. Hata mikusanyo ya taarab kama ule wa Zanzibara, uliotolewa na kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa kuanzia mwaka wa 2005, ina nafasi nzuri kwa kuwa iliuzwa katika nchi nyingi. Lakini CD ya kwaya ya mtaa, au ya kikundi cha taarab iliyotolewa mamia machache tu, huenda haina mwenzake wa kulinganishwa naye.

Kwa diski hizo, mhusika anapaswa kujitengenezea mashahidi. Kwanza aisome diski nzima kwa kasi ya wastani na ahifadhi nambari za uhakiki ambazo programu hutoa kwa kila wimbo. Kisha aisome tena. Nambari zikilingana kwa kila wimbo, ni ishara njema. Zikitofautiana, wimbo husika ndio unaohitaji njia ya uangalifu.

Ushahidi huwa na nguvu zaidi usomaji wa pili ukifanywa kwa draivu ya aina nyingine, kwa kuwa draivu mbili tofauti hazibahatishi kwa namna moja. Na panapopatikana diski ya pili ya albamu hiyo, labda kwa jirani au jamaa, kulinganisha diski hizo mbili ndilo jaribio bora kuliko yote.

Tabia za draivu

Kuna mambo matatu kuhusu draivu ambayo hayana budi kusanidiwa kabla ya kazi kuanza, na yote hufanywa mara moja tu.

La kwanza ni msogeo. Karibu kila aina ya draivu huanza kusoma muziki ikiwa mbele au nyuma kwa idadi maalum ya sampuli. Baadhi hukosea kwa sampuli 6, nyingine kwa 667. Kwa masikio si kitu, maana hata sampuli 667 ni kama sehemu 15 kati ya 1,000 za sekunde. Lakini bila kuusahihisha, nambari za uhakiki hazitalingana na za wengine. Programu nzuri huitambua draivu na kuweka marekebisho yenyewe.

La pili ni kumbukumbu ya muda iliyomo ndani ya draivu. Programu ikiomba sekta isomwe tena, draivu inaweza kutoa jibu la awali kutoka kwenye kumbukumbu hiyo bila kuigusa diski. Jibu litafanana kwa sababu ni lilelile. Programu sharti iambiwe kuwa draivu ina tabia hiyo ili ijue kuikwepa.

La tatu ni uwezo wa kuripoti makosa. Baadhi ya draivu huweza kueleza ni baiti zipi zimeshindwa kusahihishwa, na hivyo kuruhusu programu isome kwa kasi na kurudia tu palipotajwa. Uwezo huu huokoa muda mwingi, ila si draivu zote zinazosema ukweli. Ni vyema kuujaribu kwa diski yenye mikwaruzo inayojulikana kabla ya kuuamini.

Mpango wa kazi

Chukua mfano wa mtu mwenye CD 200. Akizisoma zote kwa mkupuo, dakika nne kwa kila moja, atatumia saa 13 na dakika 20. Akitumia njia ya uangalifu kwa zote, tuseme dakika 15 kila moja, atahitaji saa 50. Lakini akisoma zote kwa mkupuo pamoja na uthibitisho, kisha akarudia 30 zilizokataa kwa dakika 20 kila moja, kazi itakwisha kwa saa 23 na dakika 20, na matokeo hayatakuwa duni kuliko ya yule wa saa 50.

Utaratibu unaofaa basi ni huu. Futa diski. Isome kwa kasi huku uthibitisho ukiwa umewashwa. Ikithibitishwa, iweke upande mmoja. Isipothibitishwa, iweke kwenye rundo la pili bila kupoteza muda nayo. Baada ya rundo la kwanza kwisha, rudia la pili kwa njia ya uangalifu, nyimbo zilizokataa pekee. Zitakazokataa tena zijaribiwe kwa kasi ya chini, kisha kwa draivu nyingine.

Ripoti ambayo programu huandika baada ya kila diski isifutwe. Ihifadhiwe ndani ya folda moja na nyimbo zake. Miaka kumi baadaye, ndiyo itakayoeleza iwapo mlio unaosikika ulikuwamo studioni au ulitokana na unakili.

Diski sugu

Kabla ya kuilaumu draivu, diski na isafishwe. Tumia kitambaa laini kilicholoweshwa maji kidogo, na pangusa kwa mstari ulionyooka kutoka katikati kwenda ukingoni. Kupangusa kwa kuzungusha ni kosa, kwa kuwa mkwaruzo unaofuata mstari wa muziki hufuta data nyingi mfululizo, ilhali unaoukata hugusa kidogo tu kila mzunguko.

Wengi hulinda upande unaong'aa na kuutupa uso wenye maandishi mezani. Ukweli ni kinyume. Upande wa chini una zaidi ya milimita moja ya plastiki, na mkwaruzo wake unaweza kusuguliwa ukapungua. Upande wa maandishi una rangi nyembamba tu juu ya utando wa madini. Ukikwaruzwa huko, data imeondoka, na hakuna fundi atakayeirejesha.

Uozo nao upo. Diski zilizotengenezwa katika kiwanda kimoja cha Blackburn, Uingereza, kati ya 1988 na 1993 zilijulikana kwa kugeuka rangi ya shaba kuanzia ukingoni, kwa sababu rangi yake ya kinga haikuhimili kemikali za karatasi za majalada. Njia ya haraka ya kukagua diski yoyote ni kuiinua mbele ya taa. Vitundu vya mwanga vinavyopenya ni dalili kwamba utando umeliwa.

Aidha, baadhi ya CD za miaka ya mapema ya 2000 ziliwekewa makosa ya makusudi au programu za kuzuia unakili. Kashfa ya Sony BMG ya mwaka wa 2005, ambapo diski za kampuni hiyo zilibainika kupachika programu fiche ndani ya tarakilishi za wateja, ilitia doa mbinu hizo. Ni busara kuzima uwezo wa Windows wa kuendesha diski yenyewe pindi inapoingizwa.

CD zilizochomwa nyumbani

CD za kuchoma hazina vishimo vilivyobanwa kiwandani. Data yake imeandikwa kwa leza juu ya utando wa rangi ya kemikali, na rangi hiyo hufifia kwa jua, joto na unyevu. Kwa wakazi wa pwani, ambako joto na unyevu huandamana mwaka mzima, diski hizi ndizo za kupewa kipaumbele.

Harusi, maulidi, mazishi na ibada nyingi za miaka ya 2000 zilihifadhiwa kwa diski kama hizo, mara nyingi nakala moja au mbili tu. Kabla ya kushughulikia albamu ambayo bado inauzwa, mtu na aanze na ile ambayo haitapatikana popote pengine.

Aina ya faili

Kazi yote ya usahihi huwa bure iwapo sauti itahifadhiwa katika mfumo unaoitupa sehemu yake. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde hubakisha takriban sehemu moja kati ya 11 ya data ya CD. Kilichotupwa hakirudi.

Nakala kuu inafaa kuwekwa katika FLAC, mfumo uliokamilika mwaka wa 2001, ambao hupunguza ukubwa bila kupoteza hata biti moja. Albamu ya saa moja huwa kwa kawaida megabaiti 300 hadi 400, na kila faili hubeba ndani yake nambari ya kujithibitisha kuwa haijaharibika. Kutokana na nakala hiyo, MP3 za simu zinaweza kutolewa wakati wowote.

Majina ya nyimbo huletwa na hifadhidata za intaneti kama vile MusicBrainz. Yanapohusu nyimbo za Kiswahili, yakaguliwe moja baada ya jingine, na yasiyopatikana yaandikwe kwa mkono kutoka kwenye jalada.

Sheria na uhifadhi

Nchini Kenya, kazi za muziki hulindwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001, inayosimamiwa na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO). Kuuza au kusambaza nakala bila idhini ya mwenye haki ni kosa, hata kama CD ya awali ilinunuliwa kihalali. Sheria za nchi nyingine hutofautiana hata kuhusu nakala za matumizi ya nyumbani. Uingereza iliziruhusu Oktoba 2014, lakini Mahakama Kuu ikaibatilisha ruhusa hiyo Julai 2015.

Nakala zikishathibitishwa, ziwekwe mahali pawili tofauti, kwa mfano diski kuu ya nje iliyo nyumbani na nyingine kwa jamaa aishiye mbali. Diski kuu hufa bila kuaga. CD zenyewe zirudishwe kwenye majalada yake na kuhifadhiwa zikiwa zimesimama, mahali pakavu pasipofikiwa na jua, kwa sababu panapotokea shaka kuhusu nakala, shahidi wa kwanza wa kuitwa ni diski yenyewe.